“Cjalpa hostel had xaxa”: namna ya kusoma meseji za mkato

Swali: “Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 53, naishi Morogoro, nina genge la vyakula. Mtoto wa mdogo wangu wa kike anasoma chuo Dodoma, na mimi ndiye ninayemsaidia matumizi. Juzi nimepokea meseji kwa namba nisiyoijua: ‘Shkm ma mkbw. Xmahan kwa kmya. Cjalpa hostel had xaxa, w2 wnadai b4 ijmaa. Km unawza ntmie 80k kwny no hii, cm yng imehrbka. Ucmwmbie mama, ataptwa na presha. 2po pa1. Nakpnda xn lol.’ Nimeirudia mara tatu nikaelewa nusu. Meseji ya mwisho aliyonitumia kwa namba yake mwenyewe ilikuwa hivi: ‘Shikamo ma mkubwa. Nimefika Dom salama, asante sana kwa nauli. Ntakupigia kesho asubuh. Ucku mwema.’ Mwenzangu wa jumuiya anasema hizo x ni mabusu, au ni alama za makundi mabaya. Na hiyo lol, ananicheka? Binti yangu wa kidato cha pili naye anaandika hivihivi, naogopa Kiswahili chake kitaharibika na mtihani uko mbele yake. Je, kuna orodha ya vifupisho hivi niikariri? Na hiyo hela, nitume?”

Jibu:

Shikamoo mama. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka: usitume kwanza. Piga namba ya zamani ya kijana wako. Isipopatikana, mtafute anayeishi naye chumba kimoja, au mpigie mama yake mzazi, hata kama meseji inasema asiambiwe. Sababu nitakupa baada ya kukuonyesha namna ya kuisoma, maana ukiisoma vizuri utapaona mwenyewe panapotia shaka.

Umeuliza mambo mengine manne kwa pamoja: imeandikwa nini, hizo x na lol zina ubaya gani, binti ataharibikiwa, na kama kuna orodha ya kukariri. La orodha nalijibu hapohapo. Orodha za mtandaoni zipo, lakini nyingi ni za Kiingereza, na anayekariri orodha hukwama siku kijana akitunga kifupisho kipya asubuhi. Kinachosaidia ni kujua njia tatu nne ambazo vifupisho vya Kiswahili hutengenezwa. Ukizijua, utasoma hata usichowahi kukiona.

Meseji yenyewe kwa Kiswahili kamili ni hii: “Shikamoo mama mkubwa. Samahani kwa kimya. Sijalipa hosteli hadi sasa, watu wanadai kabla ya Ijumaa. Kama unaweza nitumie elfu themanini kwenye namba hii, simu yangu imeharibika. Usimwambie mama, atapatwa na presha. Tupo pamoja. Nakupenda sana.” Ile lol nimeiacha kwa makusudi, nitaifikia.

Sasa tuone imefikaje hapo. Hatua ya kwanza ni kuisoma kwa mdomo, kwa sauti, siyo kwa macho. Mkato wa Kiswahili umejengwa juu ya sauti. Chukua “cjalpa”. Kwa macho haina maana yoyote. Lakini herufi c ukiitaja kama wanavyoitaja kwenye Kiingereza unasikia “si”, kisha “jalpa”, na ulimi wenyewe unaweka i iliyokosekana: sijalipa. “Cm” ni si na m, simu. “Ucku” ni usiku. “Ucmwmbie” inatisha kuitazama, lakini itamke polepole, u-si-mw-mbie, na umeshafika. Tarakimu nazo zinafuata njia hiyohiyo: 2 kwa Kiingereza inasikika “tu”, basi “w2” ni watu, “k2” ni kitu, “2po” ni tupo, “2ma” ni tuma. Mara nyingine tarakimu inasomwa kwa Kiswahili chetu, na hapo ndipo wazazi wengi hukwama: “pa1” ni pa-moja, na “7bu” ni saba-bu. Kwa hiyo ukikutana na tarakimu katikati ya neno, ijaribu kwa Kiingereza kwanza, ikigoma ijaribu kwa Kiswahili.

Njia nyingine ni kudondosha irabu. “Hbr” ni habari, “lkn” lakini, “asnt” asante, “kbs” kabisa, “smhn” samahani, “hpn” hapana, “jmn” jamani. Kiswahili kinavumilia jambo hili kuliko lugha nyingi kwa sababu ya umbo lake. Maneno yetu karibu yote yanakwenda konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, na irabu zenyewe ni tano tu. Msomaji anajua kuwa baada ya l lazima kuna irabu, anajaribu a, e, i, o, u, na maneno mengine ya sentensi yanamsaidia kuchagua. Hata viambishi vya wakati vinaokoka: -li-, -ta-, -na- na -me- vinaanza kwa konsonanti nne tofauti, hivyo “nlkuja”, “ntkuja”, “nnkuja” na “nmkuja” bado zinatofautisha nilikuja, nitakuja, ninakuja na nimekuja. Maneno yenye silabi mbili zinazofanana huandikwa kwa herufi mbili tu: mm ni mimi, ww ni wewe, yy ni yeye, nn ni nini.

Sasa x. Hili naomba nilieleze kwa kirefu kwa sababu limekutia hofu bila sababu. X haimo kabisa katika alfabeti ya Kiswahili sanifu, q nayo haimo, na c haisimami peke yake, lazima ifuatwe na h. Yaani tuna herufi kwenye simu ambazo Kiswahili hakizitumii. Vijana walizichukua hizo zisizo na kazi wakazipa kazi: x ikawa s, c ikawa si. X haikuleta mkanganyiko, kwa kuwa hakuna neno la Kiswahili lenye x ambalo lingegongana nalo.

Na kwa nini walitaka kuikwepa s? Tazama kitochi chochote. Kitufe cha 7 kina p, q, r na s, na s ni ya mwisho, kwa hiyo unabonyeza mara nne kuipata. X iko kitufe cha 9, ya pili baada ya w, mara mbili tu. Hesabu mwenyewe: “sasa” ni mibonyezo kumi, “xaxa” ni sita. Silabi “si” ni mibonyezo saba, c ni mitatu. Silabi “tu” ndiyo iliyokuwa inachosha kuliko zote, kwani t na u zote ziko kitufe cha 8, na ukishaandika t lazima usubiri kidogo ndipo uandike u, la sivyo simu inadhani unabadilisha herufi. Kushikilia kitufe cha 2 kwa muda kunamaliza kazi. Hakuna uhuni wowote hapo. Ni watu waliokuwa wanaandika kwa kidole gumba kimoja na wametafuta njia fupi.

Gharama nayo ilisukuma. Meseji moja ya kawaida ina nafasi ya herufi 160, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Ukizidisha hata kwa herufi moja, ujumbe unagawanywa vipande vya herufi 153, na kila kipande kinalipiwa. Ukiweka hata kikatuni kimoja cha kucheka au cha moyo, simu nyingi hubadilisha mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Jambo hili linawagusa waandishi wa Kiswahili kwa namna ambayo wengi hawaijui: king’ong’o chetu. Ukiandika ng'ombe kwa alama iliyonyooka, upo ndani ya 160. Simu ikiigeuza ikawa ile iliyojikunja, kama simu janja nyingi zinavyofanya zenyewe, alama hiyo haimo kwenye orodha ya herufi za meseji na ujumbe wako wote unahesabiwa kwa 70. Kama unatuma meseji za kawaida kwa wateja wa genge lako na salio linakwisha haraka, angalia hapo kwanza.

Leo watu wako WhatsApp, hakuna anayehesabu herufi, na kibodi ina herufi zote wazi. Mkato umebaki kwa sababu nyingine: unaonyesha ukaribu. Kijana anaandika “poa xawa” kwa rafiki na “Sawa mwalimu” kwa mwalimu, na anajua vizuri tofauti. Hata hivyo mtindo wenyewe unabadilika. Kwa vijana wengi wa mjini sasa hivi x nyingi zimeanza kuonekana za kizamani, wakati kudondosha irabu na kutumia c kumebaki kila mahali. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Mwenzako wa jumuiya hakukosea kila kitu. Katika meseji za Kiingereza, hasa za Uingereza, x iliyosimama peke yake mwishoni ni busu, na “xoxo” ni mabusu na makumbatio. X tatu zikisimama peke yake zinaweza kuwa mabusu, na zinaweza pia kuwa alama ya picha za ngono. Lakini x iliyo ndani ya neno la Kiswahili, kama xaxa, xana, xamahani, ni s basi. Kuna nyingine mbili za kuzijua: “thx” au “10x” ni asante, na “mxm” au “mxiuu” ni msonyo. Huo msonyo ndio wenye utovu wa adabu ukija kwa mtu mzima. Hizo nyingine hazina.

Lol nayo ina historia ya kuwachanganya watu wazima. Asili yake ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya kucheka kwa sauti. Wengi wameidhani ni salamu za upendo mwingi, akiwemo David Cameron alipokuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Mwaka 2012, katika uchunguzi wa Leveson kuhusu vyombo vya habari, Rebekah Brooks, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya magazeti ya News International, alieleza kuwa Cameron alikuwa akimalizia meseji kwa lol akiamini anatuma upendo, mpaka alipoambiwa maana yake. Leo hata kicheko chenyewe kimepungua ndani yake. Vijana wanaiweka mwishoni kulainisha sentensi, kama vile mtu anayetabasamu baada ya kusema jambo la aibu kidogo. Kwa hiyo hapo hukuchekwa. Lakini kwenye taarifa ya msiba au ugonjwa lol haikai, na ikija hapo mwambie kijana moja kwa moja, atakuelewa.

Za Kiingereza utakazokutana nazo sana ni chache. “Omg” ni Mungu wangu, na wala si ya vijana wa leo: imo kwenye barua ambayo Lord Fisher, amiri mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, alimwandikia Winston Churchill mwaka 1917. “Btw” ni halafu, au kabla sijasahau. “Idk” ni sijui. “Tbh” ni kusema ukweli. “Brb” ni narudi sasa hivi. “Asap” ni haraka iwezekanavyo. “Hbd” ni heri ya siku ya kuzaliwa. “Wyd” ni unafanya nini. “B4” uliyoiona ni kabla. Na “dm” au “pm” ni kuambiwa uhamie kwenye mazungumzo ya faragha, jambo la kawaida kwa wafanyabiashara wa mtandaoni.

Ukiwa na ndugu Bukavu, Goma au Lubumbashi, mkato unakuja na Kifaransa ndani yake: slt ni salamu, bjr ni habari za asubuhi, stp ni tafadhali, dsl ni samahani, mdr ndiyo lol yao. Walioko Muscat au Dubai wanaleta kitu kingine kabisa. Huko Kiarabu kinapoandikwa kwa herufi za kirumi, tarakimu hazisomwi kwa sauti, zinafananishwa na umbo la herufi: 3 ni ain, 7 ni ile ha nzito ya “habibi”, ndiyo maana unaona “7abibi”. Kwa hiyo 7 ya binamu wa Muscat siyo saba ya “7bu”. Na kwa Waislamu kote, “jzk” ni jazakallahu khairan, yaani Mungu akulipe kheri.

Sasa nije kwenye mitego, maana kusoma kwa kukisia kuna mahali kunagharimu pesa. Mtego mkubwa uko kwenye vitenzi vya kutuma na kulipa. “Ntm” inaweza kuwa nitume, swali la kuomba ruhusa, na inaweza kuwa nitatuma, ahadi. “Nmtm” inaweza kuwa nimetuma, au nimtume fulani. Mteja akikuandikia “nmtm hela”, mzigo usitoke mpaka uone ujumbe wa malipo kwenye simu yako kutoka kwenye mtandao wenyewe, siyo uliosambazwa na mteja. Mtego wa pili ni c inayofuatwa na h. Kijana anayetaka kuandika sihitaji anaandika “chitaji”, na jicho linasoma ch. Sihusiki inakuwa “chusiki”. Kanusho linapotea na unaelewa kinyume, kwa hiyo neno linaloanza na ch lisipoleta maana, lijaribu kwa “sih”. Mtego wa tatu ni tarakimu halisi. “80k” ni elfu themanini, k ni elfu. “2m” inaweza kuwa milioni mbili au mwanzo wa tuma. “Xaa 2” ni saa mbili, na hakuna anayesema asubuhi au usiku. “No” kwenye meseji ya Kiswahili karibu kila mara ni namba, na wengine wanaiandika kumaanisha hapana. “Ss” ni sasa, na ni sisi pia. Panapohusika kiasi, tarehe, saa, dawa au anwani, usikisie. Jibu kwa maneno kamili: “Unamaanisha shilingi elfu themanini, kabla ya Ijumaa hii?” Hakuna kijana wa maana atakayekasirika kwa kuulizwa hivyo.

Turudi kwenye meseji yako. Ziweke zote mbili pembeni. Katika ile ya zamani kijana wako anaandika karibu kila kitu kwa ukamilifu. Anadondosha herufi ya mwisho, shikamo na asubuh, anabana nitakupigia kuwa ntakupigia, na c anaitumia kwenye ucku. Lakini “asante sana” ameiandika kwa s, na hakuna tarakimu hata moja ndani ya maneno. Hii mpya ina x ndani ya maneno matatu, tarakimu ndani ya maneno manne, na irabu zimedondoshwa katikati ya karibu kila neno. Ni mwandiko mwingine. Kila mtu ana mkato wake na haubadilishi kwa urahisi: anayeandika “xn” huandika “xn” wiki ijayo pia. Tena huu mpya ni wa kitochi, na umeshaona kuwa wenye umri wake wengi wanauacha.

Huo si ushahidi, na sitaki ukamhukumu kijana kwa herufi. Kama simu imeharibika kweli, huenda ameazima kitochi cha rafiki, na kwenye kitochi hata yeye atafupisha zaidi. Huenda rafiki ndiye aliyemwandikia. Kinachoongeza uzito ni mambo yaliyokusanyika kwenye ujumbe mmoja: namba mpya, simu imeharibika kwa hiyo huwezi kupiga ya zamani, pesa yenye kiasi kamili, muda mfupi, na kukatazwa kumwambia mtu ambaye angeweza kuhakikisha. Hayo matano yakija pamoja, hata yakiandikwa kwa Kiswahili sanifu kisicho na doa, pesa inasubiri. Na usidhani kuwa kwa vile amekuita ma mkubwa basi ni yeye. Anayeokota au kuiba simu anasoma meseji za zamani na kujifunza anavyokuita.

Kupiga ndiyo njia bora, na ukipata sauti muulize jambo ambalo halimo kwenye meseji zenu, kwa mfano ulimpa nini siku ile aliposafiri. Ukilazimika kutuma kwa namba nyingine, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, na kama siyo lake akueleze ni la nani. Kwa hosteli kuna njia safi zaidi: omba namba ya malipo ya hosteli au ya chuo ulipe huko moja kwa moja. Mwenye shida ya kweli ataipokea kwa furaha.

Kuhusu kusoma meseji nyingine utakazopata, una njia kadhaa, kila moja na upungufu wake. Kumuuliza aliyeandika ni bora kuliko zote, na hakuna aibu. Mwandikie, “Mwanangu, niandikie kwa kirefu, macho yangu yanachoka.” Vijana wengi hubadilika papo hapo kwa mtu mmoja huyo. Kumpa binti yako akusomee ni haraka, ila si kila ujumbe wa ndugu ni wa kusomwa na mtoto. Programu za akili bandia husoma mkato kwa kiasi kizuri, lakini kwenye “ntm” huchagua maana moja na kukuambia kwa uhakika usiostahili, na usibandike humo majina, namba za simu wala habari za akaunti. Wewe mwenyewe usijilazimishe kuandika kwa mkato. Andika kwa ukamilifu, wanakuelewa. Angalia tu kuwa “Sawa.” yenye nukta, ikija peke yake, vijana huisoma kama umekasirika. “Sawa mwanangu” inatosha kuondoa hilo. Na kama simu yako inageuza maneno yako kuwa ya Kiingereza, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya lugha na kibodi, uongeze Kiswahili. Kibodi ya Gboard inayo. Au zima kabisa urekebishaji wa maneno.

Binti yako wa kidato cha pili. Hofu yako ni ya wazazi na walimu wengi, ila utafiti haujaiunga mkono kama watu wanavyodhani. Watafiti wa Coventry University, Uingereza, walichunguza watoto wa miaka 10 hadi 12 mwaka 2009 na wakakuta kuwa waliotumia vifupisho vingi kwenye meseji hawakuwa dhaifu katika kusoma. Uhusiano uliotokea ulikwenda upande mzuri. Ulikuwa utafiti wa Kiingereza, kwa hiyo siuleti kama uthibitisho wa Kiswahili, lakini sababu yake inaingia akilini: ili ufupishe neno kwa sauti lazima ujue sauti zake. Huwezi kuandika “7bu” kama hujui silabi za sababu. Hata Kiswahili cha vitabuni kina n.k., k.m., S.L.P., Bw. na Dkt., na hakuna anayesema vinaua lugha.

Hatari yake halisi ni ndogo na inatibika: mazoea ya vidole kuingia kwenye daftari. Kaa naye jioni moja, chukueni meseji kumi alizoandika mwenyewe, azichague yeye ili faragha yake ibaki, aziandike upya kwa kalamu kwa Kiswahili sanifu, zikiwa na herufi kubwa, nukta na koma mahali pake. Pale atakapokwama ndipo penye kazi. Mara nyingi utakuta tatizo haliko kwenye x na c, liko kwenye h na r na l, kama “ana” badala ya “hana”, au “kura” badala ya “kula”. Makosa hayo yalikuwepo kabla ya simu, na hayo ndiyo yanayokula alama.

Usichukue simu yake kuichimba ukitafuta siri, wala usiamini zile orodha zinazozunguka kwenye magrupu zikidai kufichua lugha ya siri ya vijana. Nyingi zina vitu kama P911 (tahadhari, mzazi yupo), vya Kiingereza cha zamani, ambavyo huenda binti yako hajawahi kuviona. Anayemrubuni mtoto haandiki kwa mafumbo. Anaandika maneno ya kawaida: usimwambie mtu, nitumie picha, futa meseji hii, nitakutumia vocha. Ukiyaona hayo, au ukiona mtoto anaruka simu ikilia, hapo suala la vifupisho limekwisha. Usifute kitu, piga picha ya skrini yenye namba na tarehe, usimjibu mtu huyo kwa hasira. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya, au nenda mwenyewe kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto.

Kwa hii meseji ya elfu themanini, kijana wako akisema siyo yake, iripoti kwenda 15040, namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ya utapeli wa mawasiliano, ukitaja na namba iliyoituma. Aliyeko Kenya kwenye Safaricom anaipeleka 333. Mwambie kijana abadilishe nywila na namba za siri zake zote, kwa kuwa mtu huyo amejua anavyokuita, habari ya hosteli na ya mama yake, na hayo hayajui kwa kubahatisha. Na kama wakati unasoma hapa pesa ilishakwenda, usimpigie tapeli kumbembeleza. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, 100, dakika hiyohiyo, uwape namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa malipo uombe fedha zizuiwe kabla hazijatolewa kwa wakala, kisha uende kituo cha polisi na meseji zote mbili zikiwa bado kwenye simu upate RB, namba ya taarifa yako polisi.